Sidi Mubarak Bombay: Bingwa wa Kutafuta Njia Aliyepita Uvira!

Jamani, wapenzi wa ramani na dira, acheni kila kitu! Ndiyo kwanza nimeipitia rekodi ya Sidi Mubarak Bombay, na kichwa bado kinanizunguka. Mwaka 2017 kule Wrocław, Poland, Michezo ya Dunia iliwashindanisha wakimbiaji wa kutafuta njia: unapewa ramani na dira, unatimua mbio kituo hadi kituo. Safi sana! Lakini huyu alifika Uvira wakati ziwa letu la Tanganyika halijachorwa sawasawa kwenye ramani yoyote!

Hebu tazameni. Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa hadi India, akapata uhuru, akarudi Unguja. Mwaka 1857 wapelelezi Waingereza Burton na Speke wakamwajiri. Akawa anazungumza nao Kihindustani. Aprili 1858 mitumbwi ikafika Uvira na swali moja: mto Ruzizi unatoka ziwani au unaingia? Wenyeji wakajibu: unaingia. Papo hapo Bombay akasema hapo awali Speke alimwelewa vibaya Mwarabu Hamid bin Sulayyam, ambaye naye alimaanisha kuwa unaingia. Vipimo vyote vile vya Wazungu, na jibu likatoka vinywani mwa watu!

Ila wapiga makasia walikataa kusonga mbele, mlango wa mto wasiuone. Subirini sasa! Mwaka 1871 Bombay akarudi na wapelelezi wengine, Stanley na Livingstone, wakaingia hadi mlangoni penyewe: maji yanamiminika ziwani. Kituo kilichowaponyoka miaka 13 kimepatikana!

Na katikati ya hayo? 1860 hadi 1863, pamoja na Speke na mpelelezi mwenzake Grant, kutoka Unguja hadi Misri kwa njia ya Nile. Na baada ya hayo, 1873 hadi 1875, pamoja na mpelelezi Cameron, kutoka Bahari ya Hindi hadi Atlantiki. Yote haya mtu mmoja!

Kasoro? Ipo. Kule Mukungu, safari hiyohiyo ya 1871, yeye na Susi, mtumishi wa Livingstone, walilewa pombe, na wezi wakaupekua mtumbwi. Tena, karibu yote tunayoyajua juu yake yameandikwa na waajiri wake.

Hukumu yangu: nyota tano, bila kusita. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimpa medali ya fedha. Sisi wa Uvira, wa Kalundu, Mulongwe na Kavimvira, tumempa nini? Walimu, liandikeni jina lake ubaoni. Nanyi vijana, jifunzeni dira, na jifunzeni kumuuliza mwenyeji.