Hasidi Hana Sababu, Mchuna Chai Anayo

Mjini siku hizi kila mtu ana lile jicho la buluu. Liko kwa bangili, liko kwa hereni, liko kwa kava ya simu. Tangu 2018 liko hata kati ya emoji, na ukiweka picha ya gari jipya bila hilo jicho chini yake, kuna rafiki atakuuliza kwani hujipendi. Waturuki huliita nazar. Sisi tunalivaa tu, na tukiulizwa tunasema ni ya kufukuza mahasidi. Ambacho hatuulizani ni huyo hasidi ni nani hasa, na ni nani aliyempa hilo jina.

Insha ambayo wengi huiendea wakitaka kuelewa jicho baya ni ya Alan Dundes, aliyekuwa profesa wa fasihi simulizi pale Berkeley, California. Aliichapisha 1980, na mwaka uliofuata akaiweka ndani ya kitabu alichohariri kuhusu mada hiyo hiyo. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo sina shahada ya kumjibu profesa. Lakini insha ni ya msomaji, na huyu msomaji anataka kuipeleka mahali ambapo Dundes hakuipeleka: Kericho na Bomet, kwenye majani chai.

Hoja yake ni safi. Uhai, anasema, ni majimaji: maziwa, damu, mate, mbegu za mwanaume, utomvu wa mti. Na majimaji hayo yana kipimo, yaani mmoja akipata mengi, mwingine amepunguziwa. Jicho baya basi ni jicho lenye kiu. Likimwangukia ng'ombe, maziwa yanakatika. Likiangukia mti wa matunda, unanyauka. Likimwangukia mtoto anayenyonya, anakonda. Dawa yake ni kurudisha unyevu, na ndiyo maana Mgiriki akimsifu mtoto wako hutema mate mara tatu, au angalau hufanya ile sauti ya kutema.

Dundes aliweka mpaka, ukauona hadi kwa kichwa cha insha: anazungumzia watu wa lugha za Kihindi-Kiulaya na za Kisemiti. Sisi tuko nje ya ua. Sasa njoo Kericho uone ua ulivyo na matundu. Wazee wa Kikalenjin, toka zamani, humtemea mtoto mate kumbariki. Wagusii, majirani wa upande wa magharibi, wana ebibiriria: mtu akimtazama mtoto kwa jicho hilo, vitu vidogo vidogo hung'ang'ania ngozi yake na kuingia ndani, na kinga ya mama ni kumpaka mtoto siagi mwili mzima. Mate, mafuta, unyevu. Profesa angefurahi sana.

Wajaluo nao wana sihoho, na hapo nadharia inaanza kukwama kidogo. Mwenye sihoho anakutazama ukila, na wewe tumbo linakusokota hadi apatikane wa kukutoa hicho ulichokula. Hapo hakuna kilichokauka. Kuna chakula, na kuna mtu aliyekiona.

Na fikiria kambi za mashamba makubwa ya chai. Kampuni zilianza kupanda eneo hilo kwa wingi miaka ya 1920, na wafanyakazi wakaja kutoka kila upande: Wakipsigis wenyewe, Wagusii, Wajaluo, Waluhya. Nyumba zimebanana kwa mistari, mlango kwa mlango. Jirani anajua umepika nyama kabla sufuria haijachemka. Kila jamii ilifika na jicho lake, na macho yote yakakaa ploti moja. Hapo ukimuuliza mtu kama anaamini jicho baya, umeuliza vibaya. Muulize anampikia nani mlango ukiwa wazi.

Lakini kitu kinachonifanya nimgombe Dundes kiko ndani ya kiwanda cha chai. Jani likitoka shambani, hatua ya kwanza ni kulinyausha. Linatandazwa, linapulizwa hewa kwa saa nyingi, maji yanatoka. Mwisho wa safari, kilo nne au tano za majani mabichi zimekuwa kilo moja ya chai kavu. Mlima mzima wa kijani kibichi unakaushwa kila siku, na hakuna anayesema kiwanda kina jicho baya. Kukausha ni kazi halali ikiwa anayekausha ana leseni.

Hapo ndipo insha inaniacha njiani. Dundes anatuambia vizuri sana kinachokauka. Hatuambii ni nani mwenye uwezo wa kumwita mwenzake jicho. Jina hilo halitembei ovyo kama upepo. Linateremka. Linamshukia mjane, mgeni, mama mzee anayeishi peke yake. Oktoba 2021 huko Marani, kaunti ya Kisii, umati uliwaua wanawake wanne wazee ukidai ni wachawi. Uchawi na jicho baya si kitu kimoja, najua, lakini kidole kinachowanyooshea watu ni kilekile.

Na msidhani ni ushamba wa kijijini. Serikali pia imewahi kuuandika woga huo kuwa sheria. Ukoo wa Talai ulitoa orkoiik, viongozi waliotabiri na kubariki, na ambao Wakipsigis wenyewe waliwaheshimu huku wakiogopa laana yao. Wakoloni waliwaona hatari. Mwaka 1934 walitunga sheria ya kuwaondoa, ukoo mzima, wazee kwa watoto, wakapelekwa Gwassi kando ya Ziwa Victoria, mahali pa mbung'o na mbu. Walirudi miaka mingi baadaye, na wengi hawakupata ardhi ya kurudia. Soma tena hapo: watu waliosema wamekuja kututoa kwenye ushirikina waliufukuza ukoo kwa sababu ya nguvu zake, na wakati huohuo milima ya jirani ilikuwa inapandwa chai. Nani alikuwa akimtamania mwenzake mali?

Leo jina hilo limevaa nguo za mjini. Mkulima mdogo wa chai hulipwa kidogo kila mwezi, kisha mara moja kwa mwaka anangoja bonasi. Wakulima wa magharibi ya Bonde la Ufa, Kericho na Bomet wakiwemo, hupata bonasi ndogo kuliko wenzao wa mashariki kama Kirinyaga na Murang'a. Wakiuliza, kuna majibu ya kitaalamu kuhusu ubora wa jani na bei ya mnada, na mengine yana ukweli. Ila kuna jibu lingine, la mtaani, linalotolewa kwa kila anayelalamika: acha kijicho, chapa kazi. Mahali pengine huitwa kuwa na roho chafu. Ukiwa kijana wa mjini unaitwa hater.

Angalia Kiswahili chenyewe. Kijicho ni jicho dogo, na ndilo neno letu la wivu. Walatini pia walilitoa neno lao la wivu kwenye kitenzi cha kuona. Halafu sisi tukaongeza methali: hasidi hana sababu. Ni methali tamu, inapendeza ikisemwa na mtu aliyefanikiwa. Ila kazi yake ni kufunga mdomo. Ukishamwita mtu hasidi, hulazimiki tena kusikiliza sababu yake, maana methali imeshaamua kwamba hana.

Sisemi wivu haupo. Upo, nimeuona, na unaua urafiki. Ninachosema ni kwamba insha ya Dundes ni nzuri kwa kutufundisha kusoma dalili, na ni dhaifu kwa sababu inamwacha mshtaki akae kimya nyuma ya pazia. Ukisoma jicho baya bila kuuliza nani anashtaki, umesoma nusu ya hadithi, na ni ile nusu ya mwenye ng'ombe.

Jicho la buluu livae, linapendeza. Ila mama wa Bomet akija na karatasi zake za kilo, mwaka mzima zimefungwa na mpira, akiuliza mbona hesabu haijai, usimwelekezee hilo jicho. Chukua karatasi usome.