M16 ilivyofundishwa kufyatua risasi ndogo

Ukilinganisha vipenyo tu, utadhani kazi ilikuwa nyepesi. Kichwa cha risasi ya .22 LR, ile ndogo ya kufanyia mazoezi ya shabaha, kina upana wa karibu milimita 5.66. Kile cha 5.56, risasi ya bunduki ya kijeshi ya M16, kina milimita 5.7 hivi. Kwa hiyo mtutu wa M16 unakipitisha kile kidogo bila taabu. Vingine vyote vinagoma.

Jeshi la Marekani lilikuwa na sababu ya kuhangaika. Risasi ndogo ni nafuu, mlio wake hausumbui sana, na haidai uwanja mkubwa. Jibu lake likawa adapta ya M261: unaifungua bunduki kwa nyuma, unachomoa bolti na kibebeo chake, unatumbukiza adapta mahali pake. Huhitaji hata bisibisi, na kifyatulio hakiguswi.

Kikwazo cha kwanza ni pa kugonga. Risasi ya 5.56 ina fataki katikati ya kitako, ya .22 ina kemikali ya kuwashia ndani ya ukingo wa kitako. Pini ya M16 hugonga katikati, pale ambapo risasi ndogo haina kitu. Adapta ikaja na pini yake, inayogonga pembeni.

Kikwazo kikubwa ni gesi. M16 hutoa gesi mtutuni kupitia tundu lililo karibu na kilengeo cha mbele, ikairudisha kwa bomba hadi kwenye kibebeo, na hapo bolti huzungushwa mpaka meno yake yaachie. Baruti ya .22 ni kiduchu. Nguvu hiyo haina. Wabunifu wangeweza kuanza kupanua matundu na kulegeza springi. Badala yake waliuacha mfumo mzima bila kazi, na kwangu huo ndio uamuzi wa busara kuliko yote. Sehemu ya mbele ya adapta ina umbo la ganda la 5.56 na inaketi ndani ya chemba. Ndani yake imetobolewa chemba ya .22. Nyuma kuna bolti isiyofunga kwa meno. Ganda linaisukuma kwa kitako chake, na uzito wa bolti pamoja na springi vinaichelewesha mpaka shinikizo lishuke. Bolti ya namna hiyo ingekuwa hatari kwa 5.56, lakini .22 ina shinikizo lisilofika nusu ya lile, na kitako chake ni kidogo.

Risasi 10 hukaa katika kijisanduku kinachoingia ndani ya magazini ya kawaida.

Bomba la gesi halikuondolewa, na hapo ndipo uchafu unapoingia. Kichwa cha .22 ni madini laini yaliyopakwa nta. Masizi, nta na vipande vya madini hupitia kwenye tundu vikapulizwa hadi kwenye bolti. Bunduki ikianza kukwama, wengi hulaumu springi kabla hawajatazama uchafu. Ninavyoona mimi, kusafisha ni sehemu ya bei ya risasi hiyo nafuu.

Lililobaki, usahihi wa shabaha, halikutatulika kwa adapta yoyote. Mifereji inayozungusha kichwa ndani ya mtutu wa .22 kwa kawaida huzunguka mara moja kila milimita 406. Ya toleo la M16A1 huzunguka kila milimita 305, na ya M16A2 kila 178, kwa ajili ya risasi ndefu zaidi. Kichwa laini huzungushwa kupita mahitaji yake, tena kimeruka pengo la chemba kabla ya kushika mifereji. Hata hivyo, katika mita 25 mwanafunzi bado anajifunza kushusha pumzi, kupanga vilengeo na kubana kifyatulio bila kutikisika. Msukumo halisi wa 5.56 begani haupati, wala hajui risasi yake itashukaje katika mita 300, kwa hiyo kitabu cha mafunzo cha jeshi la Marekani, FM 23-9, kiliiweka adapta kwenye mazoezi ya ziada, pale 5.56 au uwanja wake unapokosekana.