Sekunde 90 za Kumsubiri Asiyekuja

Kompyuta ya Linux iliyozoea kuwaka ndani ya sekunde 20 sasa inapita dakika mbili kabla ya kuomba nywila. Haijaingiwa na kirusi, wala diski haijachoka. Mwenyewe alisakinisha Linux ya pili pembeni ya Debian yake, na wakati wa kupanga patisheni, kisakinishi kikaifomati upya ile ya swapu, yaani eneo la diski ambalo mfumo huhamishia vitu vya kwenye RAM inapojaa. Linux mpya inawaka vizuri kabisa. Debian ndiyo inayosuasua.

Fundi aliyelelewa na Windows huanza kufuta programu zinazojiwasha zenyewe. Kazi bure. Mashine hii haifanyi kazi polepole. Haifanyi kazi yoyote. Taa ya diski imezimika, feni imetulia, na kwenye skrini kuna mstari mmoja unaohesabu kuelekea dakika moja na nusu. Inasubiri. Muda huo wa kusubiri ndio ushahidi wa kwanza, kwani diski mbovu au programu nzito huchelewesha bila mpangilio: leo sekunde 41, kesho 57. Hapa mstari huo husubiri muda uleule kila siku, sekunde 90. Namba isiyoyumba namna hiyo imeandikwa mahali fulani na binadamu.

Imeandikwa ndani ya systemd, programu ya kwanza kuamshwa na kerneli, yaani kiini cha mfumo, katika Linux nyingi za leo. Lennart Poettering na Kay Sievers waliianzisha mwaka 2010, na Aprili 2015 ikawa ya kawaida katika Debian 8 na Ubuntu 15.04. Kabla yake, mfumo uliambiwa uwashe swapu. Isipokuwepo, ulinung'unika kwa mstari mmoja na kuendelea na safari. Systemd haina haraka hiyo. Inajua kwamba diski ya USB au mkusanyiko wa RAID huweza kuchelewa kujitokeza, kwa hiyo kila kifaa kilichotajwa kwenye /etc/fstab, faili lenye orodha ya patisheni za kufunguliwa, hupewa sekunde 90 kabla ya kuhesabiwa mtoro. Wanaoiita hiyo kasoro wanaionea: haina njia ya kutofautisha aliyechelewa na aliyekufa.

Na huyu amekufa kwa namna ya ajabu, maana patisheni ipo palepale. Kilichopotea ni UUID, namba ya utambulisho yenye tarakimu 32 ambayo patisheni ya Linux hupewa inapofomatiwa. Zamani fstab ilitumia majina kama /dev/sda1, lakini majina hayo hufuata mpangilio wa vifaa; ukichomeka diski nyingine, sda inaweza kugeuka sdb. UUID ilileta utulivu. Bei yake ni kwamba ukifomati upya, patisheni inazaliwa na namba mpya, huku fstab ikiendelea kuita ile ya marehemu.

Kwa nini lawama huangukia swapu mara nyingi hivyo? Patisheni kuu ikikosekana, mashine haiwaki kabisa. Ile ya /home ikikosekana, systemd husubiri kisha humtupa mtu kwenye hali ya dharura, na tatizo linajitangaza lenyewe. Swapu peke yake ndiyo inayoweza kukosekana na mashine ikawaka salama, ila kwa kuchelewa. Watu huishi na ugonjwa huu miezi mingi wakidhani kompyuta imezeeka.

Uchunguzi huanza na amri ya systemd-analyze, inayogawa muda wa kuwaka kati ya kerneli na programu zinazoifuata. Wengi hukimbilia systemd-analyze blame, na hapo kuna mtego: orodha ile huonyesha vilivyofanikiwa kuanza, kwa hiyo mhalifu ambaye hakutokea kabisa hayumo. Ushahidi uko kwenye journalctl -b, penye taarifa kwamba kifaa fulani kilisubiriwa mpaka muda ukaisha. Unaichukua UUID iliyotajwa pale, unailinganisha na matokeo ya blkid, amri inayoorodhesha UUID zilizopo, na kesi imekwisha.

Tiba iliyozoeleka ni kuandika UUID mpya ndani ya fstab. Mwenyewe hufanya hivyo, huwasha upya, na sekunde 90 zinatoweka. Lakini zinabaki nyingine kama 30, safari hii upande wa kerneli. Hapa ndipo wengi hukata tamaa na kusakinisha upya. Swapu ina kazi ya pili: mashine ikilazwa na kuzimwa kabisa, yaliyokuwa kwenye RAM huhifadhiwa humo. Kwa hiyo initramfs, mfumo mdogo unaotangulia kabla ya diski kuu kufunguliwa, nayo huitafuta swapu ili ione kama kuna kazi ya kuendeleza. UUID ya zamani imeandikwa tena huko, katika /etc/initramfs-tools/conf.d/resume. Kulihariri faili hilo hakutoshi, kwa sababu initramfs hubeba nakala yake yenyewe. Lazima amri ya update-initramfs -u ifuate.

Kuna njia ya mkato isiyotajwa sana, nayo ni bora zaidi: badala ya kurekebisha kila faili, irudishie patisheni namba yake ya zamani. Swapu ikiwa imezimwa, amri ya swaplabel -U hufanya hivyo mara moja, na fstab na initramfs zote mbili zinampata ziliyekuwa zikimwita. Ila ile Linux ya pili iangaliwe, isije ikabaki inaitafuta namba mpya.

Anayehamia SSD, kazi ya kila siku kwa mafundi wa Kariakoo na Luthuli Avenue, hukutana na sura nyingine ya jambo hilihili. Akinakili diski nzima kwa dd, UUID huhama pamoja na data na hakuna kuchelewa. Hatari ni kuziacha diski zote mbili ndani, namba moja ikawa na wenyewe wawili. Akitengeneza patisheni mpya na kunakili mafaili tu, kisha akarekebisha UUID ya patisheni kuu na kuisahau ya swapu, anarudi kwenye sekunde 90.

Muda ukiwa unayumba, hayo yote yawekwe kando na dmesg, kumbukumbu za kerneli, isomwe. Kerneli ikilalamika kwamba njia ya diski ata1 inachelewa kujibu, au ikishusha kasi ya SATA hadi Gbps 1.5, shuku waya uliolegea wakati diski ilipobadilishwa. Kwenye smartctl, amri inayosoma hali ya diski, kipengele namba 199 huhesabu makosa ya mawasiliano ya waya. Hesabu hiyo haishuki hata waya ukibadilishwa. Cha kutazama ni kama imeacha kupanda.