Kushuka Shimoni: Uhakiki wa Mchezo wa Ultima IV

Kurasa za namna hii zimezoea kuhakiki vitabu: ufafanuzi wa Maandiko, historia ya Kanisa, na mara chache diwani ya mashairi. Safari hii tunahakiki mchezo wa kompyuta, wala hatufanyi hivyo kwa mzaha. Mchezo wenyewe ni Ultima IV, uliotungwa na Richard Garriott na kutolewa na kampuni ya Origin Systems huko Marekani mwaka 1985. Umri wake unauzidi ule wa wanachuo wetu wengi. Hata hivyo ulikuwa miongoni mwa michezo ya kwanza ya aina yake kudai kwamba mchezaji apimwe kwa mwenendo wake, si kwa wingi wa maadui aliowaua. Na dai hilo hujaribiwa lote mahali pamoja, yaani katika shimo la mwisho. Shimo hilo ndilo tutakaloliangalia. Atakaye kuelezwa namna ya kupigana na majoka atafute mwalimu mwingine.

Michezo mitatu iliyotangulia ilifuata desturi: yuko mwovu, naye hana budi kuuawa. Garriott amesimulia kwamba baada ya mchezo wa tatu, uliotoka mwaka 1983, alipokea barua za wazazi waliomlaumu, na wengine walimshtaki kwamba anawapotosha vijana kwa mambo ya kishetani. Miaka ile Wakristo wengi wa Marekani waliiogopa sana michezo ya mazimwi na wachawi. Mtu mwingine angalijibu kwa dhihaka. Yeye alijibu kwa kutunga mchezo usio na mwovu wa mwisho, ambamo kazi ya mchezaji ni kuwa mtu mwema. Kwa maoni yetu jibu hilo lilikuwa na adabu kuliko shutuma nyingi zilizolileta.

Msingi wa mchezo ni kanuni tatu: Kweli, Upendo na Ujasiri. Kutokana nazo hutoka fadhila nane. Kweli peke yake huzaa Uaminifu, Upendo huzaa Huruma, na Ujasiri huzaa Ushujaa. Kweli na Upendo zikiungana huzaa Haki. Upendo na Ujasiri huzaa Kujitoa. Kweli na Ujasiri huzaa Heshima. Zote tatu pamoja huzaa fadhila ya saba, ambayo tumeiita Hali ya Kiroho, kwa sababu neno fupi ambalo msomaji angelitarajia, yaani uroho, kwa Kiswahili ni dhambi kabisa. Fadhila ya nane ni Unyenyekevu, nao hautoki katika kanuni hata moja. Tutaurudia.

Mchezaji hatangaziwi alama zake. Mchezo huzihesabu kimya kimya. Katika maduka ya dawa muuzaji ni kipofu, na mnunuzi mwenyewe ndiye anayehesabu sarafu mkononi mwake. Akipunguza, hakuna anayemkemea, lakini Uaminifu wake umeshuka. Akimpa maskini, Huruma yake hupanda. Akikimbia mbele ya kiumbe mwovu, Ushujaa hupungua. Hesabu ya fadhila fulani ikijaa, naye akaenda kutafakari katika patakatifu pake, huinuliwa katika fadhila hiyo, na tangu hapo amebeba sehemu moja ya nane ya ukamilifu. Hapa pana jambo la kuchekesha na la kufikirisha pia: ndani ya programu yenyewe, fadhila iliyokamilika huandikwa kwa tarakimu ya sifuri.

Kasoro ya hesabu hiyo haijifichi. Sarafu moja apewayo maskini huhesabiwa sawa na sarafu mia, hata ikiwa mtoaji ana mfuko uliojaa. Yule mjane wa Marko 12 alisifiwa kwa kuwa alitoa katika umaskini wake. Hapa tajiri huipata sifa ya mjane kwa bei ya mjane. Mchezaji mwerevu huligundua hilo mapema, na akilitumia anakuwa mwema kwa ujanja. Hatumlaumu mtunzi kupita kiasi, maana hata sisi wachungaji tumewahi kuhesabu mahudhurio tukadhani tumehesabu imani.

Sasa tulikaribie shimo. Liko kisiwani, katika nchi ya moto wa volkano, na ghuba yake hulindwa na merikebu za maharamia. Limepewa jina kutokana na Styx, mto wa wafu katika hadithi za Wayunani. Mlango wake haufunguliwi kwa upanga. Hufunguliwa kwa vitu vitatu vinavyotumiwa kwa utaratibu: kengele, kitabu na mshumaa. Wanafunzi wa historia ya Kanisa watashtuka hapa, kwa kuwa vitu hivyo vitatu ni vya ibada ya kumtenga mtu na Kanisa katika Zama za Kati za Magharibi: kitabu kilifungwa, kengele ikapigwa, mshumaa ukazimwa, na mtu akahesabiwa kuwa nje. Katika mchezo huu kengele ni ya Ujasiri, kitabu ni cha Kweli, mshumaa ni wa Upendo, na kazi yake ni kufungua. Ikiwa mtunzi alikusudia hivyo au hakukusudia, vyombo vilivyofunga mlango vimekuwa ufunguo, nasi tulipoviona vikitumika hivyo hatukuweza kuendelea upesi.

Mlangoni papo hapo pana jaribu lingine. Mchezaji aliyetafuta sana huenda amekwisha kulipata fuvu la Mondain, yule mwovu wa mchezo wa kwanza. Akilitumia popote, maadui wote walio mbele yake huangamia mara moja, lakini fadhila zake zote nane huporomoka. Akilitupa ndani ya shimo kabla ya kuingia, huongezewa fadhila. Kwa hiyo mwenye silaha kubwa kuliko zote hutakiwa kuiacha mlangoni, saa ileile anapoihitaji.

Ndani mna ngazi nane za kushuka, kila moja ikiwa na miraba minane kwa minane. Ni kadogo mtu akiichora karatasini, ila njia hizo hazina ukingo: ukitembea mpaka mwisho wa upande mmoja hujikuta upande wa pili, na asiyeandika hatua zake huzunguka humo mpaka chakula kimwishie. Mna upepo unaozima mienge. Mna mawe yanayoporomoka na mashimo yaliyofichwa. Mna vyumba ambamo ukuta haufunguki mpaka mtu akanyage jiwe fulani la sakafu. Ramani huonekana kwa kutazama ndani ya kito, na kila kito hutumika mara moja tu.

Lakini ugumu halisi ni madhabahu. Katika kila ngazi iko moja, na hapo sauti huuliza swali: ni fadhila gani itokayo katika Kweli? Ni ipi itokayo katika Upendo? Mchezaji hujibu, kisha huweka jiwe la rangi ya fadhila hiyo: la buluu kwa Uaminifu, la manjano kwa Huruma, jekundu kwa Ushujaa, na kuendelea. Akijibu sawasawa ndipo njia ya kushuka hupatikana. Ngazi ya saba hudai jiwe jeupe. Ngazi ya nane, iliyo chini kuliko zote, huuliza juu ya fadhila isiyotegemea kanuni yoyote, na jiwe lake ni jeusi. Hivyo mahali pa chini kabisa pa mchezo wote ni mahali pa Unyenyekevu. Mchezaji ameambiwa tangu mwanzo kwamba anapanda kuelekea kuwa Avatar. Neno hilo ni la Kisanskriti, na maana yake katika dini ya Kihindu ni kushuka kwa mungu. Mtunzi alilichukua akaligeuza kuwa jina la mwanadamu anayepanda. Shimo limelirudisha mahali pake. Aliyesoma Wafilipi 2 hahitaji kuelezwa kwa nini tulisimama hapo kwa muda mrefu.

Mwalimu wa kipaimara ataitambua njia hii bila kusita. Ni Katekisimo. Luther aliitoa Katekisimo Ndogo mwaka 1529 kwa maswali na majibu, kwa kuwa alikuwa amezikagua sharika akakuta watu wasiojua hata Amri Kumi. Swali huulizwa, jibu hutolewa, na mtu huingia hatua ifuatayo. Sisi sote tunaijua hofu iliyo nyuma ya utaratibu huo: yule kijana anayejibu yote bila kukosea, akavaa nguo nyeupe siku ya kipaimara, na tangu hapo hatumwoni kanisani. Ultima IV imeliona tatizo hilo na kulitafutia dawa. Majibu peke yake hayatoshi. Chini kabisa, kabla ya chumba cha mwisho, mlango hukagua mengine: je, unao ufunguo wa sehemu tatu? Je, mko wote wanane, wewe na wenzako saba, mmoja kutoka kila mji uliosalia? Na je, umekamilika katika fadhila zote nane?

Mara ya kwanza tulipofika hapo tulikataliwa. Ufunguo tulikuwa nao na wenzetu wote walikuwapo. Tulidhani mashine ina hitilafu. Baadaye tukakumbuka kwamba katika vichochoro vya ngazi ya tano tulikutana na adui mwovu, nasi tukiwa tumejeruhiwa tukamkimbia. Maneno machache yalipita kwenye kioo kutuarifu kwamba tumepoteza sehemu moja ya nane, lakini kwa haraka ya kujiokoa hatukuyasoma. Tulishuka ngazi tatu zaidi tukijibu maswali yote kwa usahihi, tukitaja Ushujaa kwa jina na kujua umetoka katika kanuni gani, hali tukiwa hatuna tena huo Ushujaa. Wanafunzi wa Luther hufundishwa kwamba sheria ni kioo cha kumwonyesha mtu dhambi yake. Hatukutarajia kukiona kioo hicho mezani kwetu, kikiwa na waya.

Hapa ndipo uhakiki wetu unapokuwa mgumu. Kama sheria, shimo hili ni la haki, wala halipendelei. Lakini mlango ukikataa, hauna neno lingine. Mtu arudi juu kwenye nuru ya jua, aanze kuhesabu upya ushujaa wake mpaka hesabu ijae, akatafakari tena, kisha ashuke tena ngazi zote nane. Hakuna mahali pa toba ila pa malipo. Wenzake saba hawawezi kumchukulia upungufu wake. Huhesabiwa kuwapo, basi. Yule mtoza ushuru wa Luka 18, aliyesimama mbali asithubutu kuinua macho, asingepita. Farisayo angepita, mradi tu hakumkimbia mtu. Nalo ni jambo la ajabu, kwamba mchezo uliouweka Unyenyekevu chini ya kila kitu umeugeuza kuwa jibu la swali na jiwe jeusi, ambavyo mtu mwenye majivuno anaweza kuwa navyo vyote viwili.

Tuna lalamiko lingine dogo. Vyumba vya vita ni vingi mno. Mtu anayekwenda kuthibitisha Huruma yake hulazimika kuua makundi kwa makundi, na kufika ngazi ya sita mkono umechoka na akili imelala. Mtunzi aliyethubutu kumwondoa mwovu wa mwisho angethubutu pia kupunguza walinzi wake.

Chumba cha mwisho chenyewe hakina vita. Sauti hudai neno la kupitia, nalo ni Veramocor, lililounganishwa kwa vipande vitatu ambavyo mchezaji amevikusanya kwa watawala wa ngome tatu. Aliyesoma Kilatini atasikia humo kweli, upendo na moyo. Kisha fadhila zote nane huulizwa moja baada ya nyingine, zikifuatwa na zile kanuni tatu, na mwisho kabisa swali moja: ni kitu gani kinachozijumlisha zote? Jibu ni neno la Kiingereza lenye herufi nane, maana yake kutokuwa na mwisho. Herufi hizo mchezaji alionyeshwa moja moja, kila alipoinuliwa katika patakatifu, bila kuambiwa ni za nini. Mtu anaweza kupewa jibu hilo na rafiki, kwani limekwisha kuchapishwa mara nyingi. Lakini sisi tuliokuwa na vipande vinane daftarini, vimeandikwa kwa siku mbalimbali na kwa kalamu mbalimbali, tuliviona vikiwa neno moja kwa mara ya kwanza pale chini, na hatutaki kulipunguza thamani jambo hilo kwa sababu ya yale tuliyoyalaumu. Baada ya jibu huambiwa kwamba safari hii ni ya maisha yote, na mchezaji hurudishwa kwao.

Mwaka 2011 mchezo huu uliwekwa kwenye intaneti upatikane bure, na kompyuta ndogo kabisa ya ofisi ya usharika inauweza. Mwalimu atakayependa kuujaribu pamoja na vijana wake ajue kwamba mwanzoni mtabiri huuliza maswali ya kuchagua kati ya fadhila mbili, na kwa majibu hayo kila mtu hupewa kazi na mji. Anayechagua Unyenyekevu siku zote hufanywa mchungaji wa kondoo. Huanzia karibu na Magincia, mji ulioangamizwa kwa ajili ya kiburi chake, ambao sasa hukaliwa na mizuka; hupewa fimbo tu, na ndiye dhaifu kuliko wote wanane. Tunashauri waanze na huyo.