Mykola Leontovych na Noti Zake Nne

Wako watu wanaodhani kwamba cheo cha mtunzi wa muziki hupimwa kwa ukubwa wa kazi zake: wingi wa ala, urefu wa muda, na idadi ya wapigaji waliojaa jukwaani. Kwa kipimo hicho Mykola Leontovych wa Ukraini hana pa kusimama. Hakuacha simfoni hata moja. Opera yake moja aliianza asiimalize. Kazi zake zilizo nyingi ni nyimbo fupi za kwaya zisizo na ala, na mahadhi ya nyingi katika hizo hakuyabuni yeye, bali aliyaokota vinywani mwa wakulima. Hata hivyo, msomaji, yamkini umekwisha kusikia kazi yake moja pasipo kulijua jina lake, maana huimbwa wakati wa Krismasi katika nchi nyingi za dunia. Basi nakuomba tuamue pamoja neno moja: mtu anayeuchukua wimbo wa wazee wake akaupanga kwa sauti nne, je, ni mtunzi, au ni mnakili tu?

Tutazame kwanza maisha yake, kwa kuwa kazi yake ilitoka humo. Leontovych alizaliwa Desemba 1877 katika kijiji cha Monastyrok, jimbo la Podolia, nchi ambayo siku hizo ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi. Baba yake alikuwa kasisi wa kijiji, naye alipiga fidla na kuongoza kwaya. Mama yake alikuwa mwimbaji. Kijana akapelekwa kwenye chuo cha makasisi cha Kamianets-Podilskyi, akamaliza masomo mwaka 1899, lakini hakuvaa joho la kasisi, alishika chaki. Kwa muda wa karibu miaka ishirini alikuwa mwalimu wa shule. Mwaka 1904 alikwenda Hryshyne, kituo cha reli, akafundisha watoto na kuunda kwaya ya wafanyakazi wa reli. Mwaka 1908 alihamia mji wa Tulchyn, akafundisha muziki katika shule ya wasichana, mabinti wa makasisi wa vijijini. Naye alipokuwa amepita umri wa miaka thelathini, hakuona haya kurudi kuwa mwanafunzi: alisafiri mara kwa mara kwenda kusoma utunzi kwa mwalimu Boleslav Yavorsky.

Usiyapite maelezo hayo kwa haraka. Mtunzi huyu hakuwa na jumba la muziki wala waimbaji wa mshahara. Karakana yake ilikuwa darasa, na vyombo vyake vilikuwa koo za watoto na za mafundi wa reli. Alichoandika usiku aliweza kukisikia kikiimbwa siku zilizofuata, na kilichokuwa kibaya alikirekebisha. Ndiyo maana nyimbo zake hazina noti ya anasa. Kila noti ina kazi yake, kama kila mtu katika nyumba ya maskini.

Sasa tuitazame njia yake. Wapangaji wengi wa nyimbo za kienyeji hutengeneza ubeti mmoja kwa sauti nne, kisha beti zote zikaimbwa vivyo hivyo, kicheko na kilio kwa vazi moja. Leontovych aliikataa njia hiyo. Aliusoma wimbo kama mtu asomaye hadithi. Maneno yalipogeuka, aligeuza na sauti zilizoyachukua, lakini mahadhi yenyewe aliyaacha yatambulikane. Katika wimbo mmoja Mkosaki aliyekufa anapelekwa kuzikwa: farasi wake ameinamisha kichwa, na nyuma ya farasi anakuja msichana akilia. Kwaya inakwenda kwa hatua nzito za wachukuzi, na huzuni inapanda kadiri wimbo unavyosogea. Katika mwingine, uitwao Dudaryk, mjukuu anamkumbuka babu aliyekuwa akipita kijijini na zumari lake la kiriba. Babu hayupo tena, zumari limebaki pasi na mpigaji. Sauti za watu zinavuma kama zumari lile, hata msikilizaji anaisikia ala ambayo mwenyewe ameondoka. Jambo hilo halikuwamo katika mahadhi ya wakulima. Liliongezwa na akili ya mtu mmoja.

Ushahidi ulio mkubwa kuliko wote ni wimbo wa Shchedryk. Jina hilo limetokana na neno lenye maana ya ukarimu, na wimbo wenyewe ni wa zamani, wa kuimbwa usiku wa kuamkia Mwaka Mpya. Habari zake ni hizi: mbayuwayu anaruka mpaka nyumbani kwa mtu, anamwita mwenye nyumba atoke atazame zizi lake, maana kondoo wamezaa, na mali inakuja. Utauliza, mbayuwayu anatafuta nini katika baridi ya mwezi wa Januari? Jibu ni kwamba katika desturi za kale za watu wale mwaka ulianza majira ya kuchipua, ndege wanaporudi. Wimbo umeuzidi umri hata mpango wa kalenda.

Mahadhi aliyoyakuta Leontovych ni madogo mno: noti nne tu, na katika hizo nne moja inarudiwa, hivi kwamba sauti zilizo mbalimbali ni tatu. Mtoto anaweza kuyashika kwa mara moja. Mpangaji mwingine angeona umaskini, akatafuta namna ya kuuficha kwa mapambo. Leontovych aliona utajiri. Aliziacha noti nne zijirudie bila kuchoka, toka mwanzo mpaka karibu na mwisho, kama mabawa ya ndege yule, akageuza kila kitu kinachozizunguka. Kwanza zinaimbwa na sauti ya kwanza peke yake, kwa upole. Kisha sauti ya pili inaingia chini yake kwa noti ndefu zinazoshuka daraja kwa daraja. Wanaume wanafuata, wimbo unajaa, unapanda, mpaka kwaya nzima inatangaza ile habari njema. Halafu sauti zinapungua, na ndege anaondoka kama alivyokuja. Noti ni zile zile, lakini kila zinaporudi zinasikika kwa maana mpya, kwa sababu jirani zao wamebadilika. Kazi hii ndogo aliirudia na kuisahihisha kwa miaka mingi. Kwaya ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kyiv, chini ya uongozi wa Oleksandr Koshyts, iliiimba mbele ya watu kwa mara ya kwanza Desemba 1916.

Haki inatutaka tuseme na kasoro. Uwanja wake ni mwembamba. Asiyependa kwaya hatapata kwake mahali pa kupumzika, na anayetaka wazo moja lijengwe kwa muda wa saa nzima, kama wafanyavyo watunzi wa simfoni, atatoka na njaa. Opera yake juu ya pepo wa majini ilikuwa mlango wa uwanja mpana zaidi. Mtunzi Myroslav Skoryk aliikamilisha katika miaka ya 1970, lakini hatuwezi kumpima Leontovych kwa kazi iliyokamilishwa na mkono wa mwingine. Nasema kasoro hii ni ya kipimo cha shamba, si ya kilimo. Alilolima alililima vyema.

Kwa nini hakumaliza? Mwaka 1919 alikuwa akifundisha Kyiv, vita vikiendelea pande zote. Majeshi ya Denikin yalipouteka mji, alirudi Tulchyn. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Januari 1921 alikuwa nyumbani kwa baba yake, kijiji cha Markivka. Mgeni mmoja aliomba hifadhi ya kulala, akapewa. Alfajiri mgeni yule alimpiga risasi Leontovych, naye akafa akiwa na umri wa miaka 43. Katika miaka ya 1990 hati za serikali zilidhihirisha kwamba muuaji alikuwa mtu wa Cheka, polisi wa siri wa utawala wa Kisovieti.

Lakini mbayuwayu alikwisha kuruka. Mwaka 1919 kwaya ya Koshyts ilikuwa imetumwa Ulaya na serikali ya Ukraini, ili dunia ijue kwamba liko taifa lenye jina hilo. Serikali ile ilianguka, kwaya ikaendelea kuimba. Tarehe 5 Oktoba 1922 Shchedryk iliimbwa katika ukumbi wa Carnegie, New York, mtunzi akiwa kaburini miezi ishirini. Mwaka 1936 Peter Wilhousky, Mmarekani, alichapisha maneno mapya ya Kiingereza yanayosifu kengele za Krismasi. Zizi likatoweka, kondoo wakatoweka, mbayuwayu akatoweka; zikabaki noti nne, nazo zikaenea duniani. Mimi simlaumu aliyeyaandika maneno hayo, kwa maana wimbo usiosafiri hufa. Nalaumu mazoea ya kuimba pasipo kuuliza. Aliyeuawa kwa risasi huuawa mara ya pili jina lake linapoachwa nje ya karatasi ya kwaya.

Swali letu basi lina jibu. Mnakili huurudisha wimbo kama alivyoupokea. Leontovych aliupokea wimbo wa kijiji kimoja, akautoa unaoweza kusimama katika ukumbi wowote, na bado watu wa kijiji wakautambua kuwa ni wao. Huo ndio utunzi. Nawe, msomaji, utakaposikia bibi akiimba wimbo mfupi wenye noti chache, usiseme kwamba hauna kitu. Sema kwamba bado haujapata mtu wa kuusikiliza kwa miaka mingi, kama mwalimu wa Tulchyn alivyousikiliza wa kwao.