Irabu Moja ya Ushindi

Kalemng'orok, kando ya barabara iendayo Lodwar, jioni hufunguliwa kwa swali: "Umeshindaje?" Mzee hujibu kwamba ameshinda salama, kisha huvuta kiti kwenye kibanda cha chai asikilize habari za michezo. Redioni nako neno ni lilelile: fulani kashinda. Kitenzi kimoja kimetwishwa kazi mbili, kuumaliza mchana na kumwangusha mpinzani. Kwenye jua la Turkana, kazi hizo ni ndugu wa tumbo moja.

Nawasifu hapa mafundi wa neno hilo, watangazaji wa mpira. Seremala hashiki randa palipo na kazi ya msumeno, na mtangazaji hodari ni vivyo hivyo. Bao moja la dakika za mwisho likiamua mambo, atasema timu imewalaza wenzake. Yakiwa manne bila jibu, imewacharaza, na msikilizaji anausikia ufito ukitua mgongoni. Kupiku kumetoka kwenye karata: mwenzako ameweka jani zuri, nawe unalifunika kwa lililo zuri zaidi. Ndiyo maana mtu hapikuliwi pasipo kushindana.

Halafu kuna kubwaga. Nimemtazama mama akitoka porini na gunia la makaa. Anasimama ukingoni mwa lami, anainamisha shingo, anajitoa chini ya mzigo, na gunia linatua kwa kishindo hadi vumbi linamfika magotini. Kisha ananyoosha mgongo polepole. Huko ndiko kubwaga: aliye mzito kaanguka, na aliyemwangusha ametua mzigo. Fundi huliweka akiba neno hilo kwa siku bingwa mtetezi anapotupwa nje.

Kuna siku neno lisilo lake lingekuwa uongo. Mwaka 1987 Gor Mahia walikutana na Espérance ya Tunis katika fainali ya Kombe la Washindi la Afrika. Tunis walitoka 2-2, Nairobi wakatoka 1-1, na Gor wakawa mabingwa kwa mabao ya ugenini. Hawakumlaza mtu siku hiyo wala hawakumcharaza mtu. Walitwaa kombe. Kutwaa ndiko kulikobeba ukweli wote, sare na shangwe pamoja.

Mizani hiyo ya maneno naihitaji zaidi nikiwafikiria vijana wa Kakuma, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1992. Mwaka 2016 wakimbiaji 5 waliolelewa humo, wazaliwa wa Sudan Kusini, walikwenda Rio katika timu ya kwanza ya wakimbizi kwenye Olimpiki. Rose Nathike Lokonyen ndiye aliyebeba bendera. Hakuna hata mmoja wao aliyevuka raundi ya kwanza. Mwandishi mvivu angeandika kwamba walishindwa, akaweka nukta. Fundi angeongeza maneno matatu tu: walishindwa mbio, hawakushindwa kukimbia. Kiswahili kinatambua kwamba kupitwa na mwenzako ni jambo moja, na kulemewa na kazi yenyewe ni jambo jingine.

Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022, mvua za eneo hili zilikosekana misimu 5 mfululizo. Miezi hiyo, ukiuliza habari za watoto, uliambiwa wameshinda njaa: jua limechwa na hawajatia kitu kinywani. Chomeka irabu moja tu katikati ya kitenzi hicho, na sentensi inageuka: wameishinda njaa. Njaa iliyokuwa hali yao ya mchana kutwa sasa ni adui aliyelala chini. Irabu hiyo ina uzito zaidi kuliko vifijo vyote vya uwanjani, na anayeshika kalamu au maikrofoni asiitamke kabla watoto hawajala.