Daktari Asiyeonekana Ndani ya Hataza Yake

Hataza namba 4,744,360 ilitolewa Marekani tarehe 17 Mei 1988, kwa kifaa cha kuvunja na kuondoa lenzi iliyoingiwa na mtoto wa jicho. Mvumbuzi ametajwa: Patricia E. Bath, Los Angeles. Basi. Jina halikutanguliwa na neno Daktari wala halikufuatwa na shahada. Mtu akiikuta karatasi hii bila habari nyingine hawezi kujua kama mwenyewe ni mhandisi wa leza, mfanyabiashara wa vifaa vya hospitali, au mwanamke aliyekaa miaka akiinamia macho ya wagonjwa.

Hataza kwa kawaida tunawaachia mawakili. Nami nasema ni utanzu wa maandishi wenye kanuni kali kuliko utenzi, na anayetaka kujua daktari mvumbuzi ni mtu wa namna gani hana budi kuusoma kwa fani yake. Utanzu huu umeundwa ili umfute mtu. Historia yake, hasira yake, walimu wake, wagonjwa waliomfanya asilale, vyote hubaki mlangoni. Lakini kazi aliyoizoea mikono yake haifutiki. Hurudi kwa njia ya vipimo, kwa mpangilio wa vitu ndani ya sentensi, na kwa uchaguzi wa kinachodaiwa na kinachoachwa.

Zamani hataza zilikuwa na sauti. Mwaka 1846, chini ya mwezi mmoja baada ya William Morton kumlaza mgonjwa kwa etha mbele ya madaktari wa Massachusetts General Hospital, Boston, yeye na Charles Jackson walipewa hataza namba 4,848. Morton alikuwa daktari wa meno. Jackson alikuwa amesomea udaktari na akajulikana zaidi kwa kemia na jiolojia. Maandishi yao yanafungua kwa kuwatangazia wote inaowahusu kwamba sisi, fulani na fulani wa Boston, tumevumbua jambo hili. Kuna nafsi ya kwanza wingi, kuna mji, kuna watu wawili wanaosimama mbele ya umma kama mashahidi. Kwamba hao wawili waligombana miaka mingi kuhusu nani hasa aliyegundua, karatasi haisemi. Umoja wa ile nafsi unaufunika ugomvi wote. Mwaka 1862 mahakama ya New York iliikataa hataza hiyo katika kesi dhidi ya hospitali ya macho ya mji huo, kwa hoja kwamba kugundua athari mpya ya mvuke uliokwisha kujulikana, juu ya mwili uliokwisha kujulikana, hakutoshi kuitwa uvumbuzi.

Kufikia wakati wa Bath, nafsi ya kwanza imekwisha kuondoka. Ikisiri ya hataza yake ni fupi, lakini ndipo penye utajiri wote, na ningeomba tuitazame kwa utulivu. Inaanza na mrija mwembamba unaopindika, wa kipenyo cha milimita 1 au pungufu, unaoingizwa kupitia mkato hadi chumba cha mbele cha jicho, mpaka ncha yake ikae jirani na mtoto wa jicho. Kisha unakuja mwanga wa leza, wa kati ya nanomita 193 na 351, unaopita ndani ya uzi wa kioo. Kisha ala ya kuleta maji, inayouzunguka uzi huo. Kisha ala ya kufyonza, inayoizunguka ile ya maji kwa sehemu tu. Mwishoni kabisa, katika maneno ya kufungia, tunaambiwa kwamba uzi na ala hizo mbili ndizo zinazounda ule mrija tuliokutana nao mwanzoni.

Mpangilio huo unasema mengi. Mhandisi angeanza na mashine: leza iko wapi, umeme unatoka wapi, mwanga unaingiaje kwenye uzi. Bath anaanza na kitu kinachoingia jichoni. Anaingia kwanza, anafika, anasimama karibu na ugonjwa, ndipo anaanza kueleza ameshika nini. Huo ni mpangilio wa mtu aliyesimama chumba cha upasuaji, ambaye kwake swali la kwanza ni ukubwa wa jeraha na la pili ni umbali kati ya ncha ya chombo na kitu kisichotakiwa kuguswa. Ile milimita 1 imetajwa kabla ya leza, na mtu asiyewahi kushona jicho asingeona sababu ya kuitanguliza.

Tazama pia ule wasiwasi wa maji. Ukifyonza kitu kutoka chumba cha mbele cha jicho bila kurudisha maji mengine, chumba hubonyea, na tabaka laini la ndani ya konea huwa hatarini. Ikisiri haisemi hivyo. Haina nafasi ya kuonya wala ya kuogopa. Lakini imezipa ala za maji na za kufyonza maneno mengi kuliko yaliyopewa mwanga wenyewe, ingawa mwanga ndio upya wa chombo. Hofu ya daktari imegeuka kuwa umbo la mrija.

Na vitenzi? Karibu vyote viko katika kauli ya kutendwa. Mrija unaingizwa, mwanga unaelekezwa, mabaki yanaondolewa. Hakuna mkono. Jicho halina mwenyewe. Hapa hapana mgonjwa mzee aliyeletwa na mjukuu wake kwa kushikwa bega.

Mgonjwa huyo yuko nje ya karatasi, na tunajua alitoka wapi. Bath alizaliwa Harlem, New York, mwaka 1942, akahitimu udaktari Chuo Kikuu cha Howard mwaka 1968, akarudi kufanya mafunzo Harlem Hospital na baadaye Chuo Kikuu cha Columbia. Katika kliniki ya Harlem aliona vipofu na wenye uoni hafifu kwa wingi. Katika kliniki ya macho ya Columbia aliwaona wachache mno. Akakusanya takwimu, akakuta upofu miongoni mwa watu weusi ni maradufu ya upofu miongoni mwa weupe, na akaona sababu kubwa ni kukosa huduma. Aliwashawishi maprofesa wake wa Columbia wawapasue vipofu wa Harlem bila malipo. Mwaka 1976 alishirikiana na wenzake kuanzisha taasisi ya Marekani ya kuzuia upofu. Wazo la chombo cha leza lilimjia mwaka 1981, na sehemu kubwa ya utafiti aliifanya Ulaya, Berlin Magharibi ikiwemo. Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alikokuwa mwanamke wa kwanza kuwa mhadhiri katika idara ya macho, mwanzoni kilimpa ofisi ya chini kabisa ya jengo, karibu na wanyama wa maabara. Aliikataa.

Hayo yote hayamo, na sheria ya Marekani inataka yasiwemo. Tangu mwaka 1952 sheria hiyo inatamka kwamba namna uvumbuzi ulivyopatikana haiwezi kuuondolea haki ya hataza. Uwe umeteseka miaka kumi au umeota usiku mmoja, ni mamoja. Badala ya mwandishi, sheria imemweka msomaji dhahania: mtu mwenye ujuzi wa kawaida katika fani husika, asiye na jina wala nchi, ambaye akisoma maelezo lazima aweze kukitengeneza kitu bila kuhangaika kupita kiasi. Kila alichojifunza Bath Harlem kilipaswa kugeuzwa kuwa maelekezo kwa mtu huyo.

Thomas Fogarty alifutwa kwa namna hiyohiyo. Kabla ya kuwa daktari alikuwa kijana wa kuhudumia vyombo katika chumba cha upasuaji huko Cincinnati, akiona wagonjwa wakipasuliwa sehemu kubwa ya mguu ili kutoa damu iliyoganda ndani ya mshipa. Alichukua kidole cha glavu ya mpira na kukifunga kwenye ncha ya katheta. Gundi za wakati ule hazikushika, akatumia fundo alilolizoea katika kufunga chambo cha uvuvi. Katheta ikipita bonge la damu, kile kidole kinajazwa maji, kisha vyote vinavutwa nje. Hataza yake, namba 3,435,826 ya mwaka 1969, inatuonyesha puto lililofungwa kwenye mrija. Mvuvi hayumo, fundo limo.

Sasa tuje kwenye madai, sehemu ya mwisho ya hataza na ndiyo yenye nguvu ya kisheria. Kila dai ni sentensi moja, hata ikiwa ndefu kama aya. Kila kitu lazima kitambulishwe kabla ya kutajwa mara ya pili, kama wahusika wa tamthilia wanavyotajwa kabla ya pazia kufunguliwa. Katika dai la kifaa, wahusika ni nomino: uzi, ala, mrija, chanzo cha mwanga. Anayetaka kulikwepa dai huangalia kama kitu chake kinakosa mmoja wa wahusika hao. Kwa hiyo kila neno linaloongezwa hupunguza mamlaka ya mwandishi. Sijui utanzu mwingine ambamo kusema zaidi ni kumiliki kidogo.

Dai la njia ni jambo jingine, na hapa ndipo fani inapogeuka kuwa suala la maadili. Samuel Pallin, daktari wa macho wa Arizona, alipewa hataza namba 5,080,111 mwaka 1992. Ndani yake hamna chombo kipya. Kinachodaiwa ni namna ya kukata weupe wa jicho ili jeraha lijifunge lenyewe, bila mshono. Nomino zimerudi nyuma, vitenzi vimekaa mbele: kukata, kwa umbo hili, kwa umbali huu kutoka ukingo wa konea. Vitenzi hivyo havina kiima. Lakini daktari wa macho akivisoma anagundua kwamba kiima ni yeye mwenyewe, kesho asubuhi, akiwa na kisu mkononi.

Pallin alimshtaki Jack Singer wa Vermont, daktari mwenzake ambaye mwaka 1991 alikuwa amechapisha mkato wake mwenyewe, uliopinda kama mdomo wa mtu aliyenuna. Chama cha madaktari cha Marekani kilisimama kupinga hataza za njia za upasuaji. Machi 1996 mahakama ilitoa amri kwamba madai yaliyobishaniwa ni batili, na Septemba mwaka huohuo Bunge la Marekani likapitisha sheria inayomkinga daktari na hospitali yake wasidaiwe kwa kutekeleza tiba yenye hataza, isipokuwa pale anapotumia mashine au dawa yenye hataza bila haki. Hataza za njia hazikufutwa. Ziliachwa ziwepo, zikanyimwa meno mbele ya daktari.

Mimi naona Pallin aliteleza katika fani kabla ya kuteleza mahakamani. Daktari hujifunza mkono wake kwa kutazama mkono wa mwingine, na yeye alijaribu kuandika mkono huo kama mali. Bath, katika hataza ya 1988, alibaki upande wa chombo. Hata aliposimulia upasuaji mzima, kichwa cha hataza yake kilidai kifaa.

Suala hili linatugusa huku kwetu moja kwa moja. Katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki mtoto wa jicho hutolewa kwa vyombo vya mkono, bila mashine ya mawimbi ya sauti: daktari huchimba njia fupi katika weupe wa jicho, mara nyingi kwa mkato ule wa mdomo ulionuna, hutoa lenzi, huweka ya bandia, na kidonda hufungika bila uzi. Sheria za hataza za Kenya na Tanzania haziruhusu hataza kwa njia za kutibu mwili kwa upasuaji, na mkataba wa biashara wa dunia unazipa nchi uhuru huo. Daktari wa Mombasa au Moshi hafanyi hesabu ya ada kwa kila jicho analolifungua. Bila mpaka huo wa kifani kati ya nomino na kitenzi, bei ya upasuaji wetu ingebeba majina ya watu wa mbali.

Nina ugomvi mmoja na wanaomsifu Bath. Mara kwa mara huandikwa kwamba aligundua upasuaji wa mtoto wa jicho. Hataza yake haidai hivyo, na uadilifu huo ni wa fani yenyewe: usuli humlazimisha mvumbuzi aeleze yaliyomtangulia. Charles Kelman, akiwa na Anton Banko, alikuwa na hataza ya kuvunja lenzi kwa mawimbi ya sauti tangu 1971, baada ya kupata wazo kwenye kiti cha daktari wa meno, na njia yake ndiyo inayotawala hadi leo katika nchi tajiri. Kumkuza Bath kwa uongo ni kumfuta mara ya pili, kwa sababu kunatuzuia kuona alichokifanya kweli.

Na alichokifanya kinaonekana ukisoma vichwa vya hataza zake tano za Marekani kwa mfuatano. Ya 1988 ni kifaa cha leza. Ya 1998 ni njia na kifaa. Ya 1999 inarudi kwenye kifaa peke yake. Ya 2000 ni njia ya mawimbi ya sauti, yaani uwanja wa Kelman. Ya 2003 inaunganisha mawimbi na leza katika njia na kifaa kimoja. Alikuwa amestaafu Los Angeles tangu 1993. Hakuna ofisi wala cheo kilichomsukuma. Hizo hataza tano hazina nafsi hata moja, lakini zina mabishano ya miaka 15 na mtu mmoja, na katika ile ya mwisho Bath amempa Kelman nusu ya kichwa cha habari.